Ukitaka Kusomea Ubingwa Nje, Anzia Wodini Kwako

Umemaliza utarajali, umepelekwa hospitali ya wilaya au ya mkoa, umepiga zamu hadi unalijua jengo zima gizani. Sasa unataka kwenda nje kuongeza ujuzi. Safi sana. Ila usikimbilie kompyuta. Kesho asubuhi ingia wodini na daftari, uandike ni wagonjwa gani mnawapa rufaa kila wiki kwa kuwa hapo hakuna wa kuwashughulikia.

Daftari hilo litakufungulia milango ambayo alama za chuo pekee hazifungui. Programu nzuri zinazowapokea madaktari kutoka nchi kama zetu hutaka kuona vitu viwili: hospitali yenye pengo, na mtu atakayerudi kuliziba. Chukua African Paediatric Fellowship Programme ya Chuo Kikuu cha Cape Town, ambayo mafunzo yake mengi hufanyika Red Cross War Memorial Children's Hospital. Daktari hajipeleki pale. Hospitali au chuo chake kinamteua, na kinaahidi kumpa kazi ya fani hiyo akirudi.

Kwa hiyo mtu wako wa kwanza ni mkuu wa idara. Mfuate ofisini, usimvizie kwenye korido baada ya raundi. Nenda na namba zako.

"Shikamoo Dokta. Watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi wote tunawapa rufaa. Nimehesabu wa miezi sita, hawa hapa. Nataka nikajifunze kuwahudumia. Nikirudi, idara itanipa siku ya thieta?"

Akijibu "tutaona", mazungumzo hayajaisha. Rudi wiki ijayo na barua uliyomwandalia ili aisome, airekebishe, aisaini. Wakuu wengi wa idara wana nia njema ila hawana muda. Mtu anayefika na rasimu mkononi hupata sahihi haraka kuliko anayefika na ombi.

Ukishapata sahihi ya idara, panda hadi kwa Mganga Mfawidhi au Mkurugenzi. Unachotaka kutoka huko ni maandishi ya mambo matatu: hospitali inakuteua, itakushikia nafasi yako, na ukirudi utafanya kazi ya fani uliyosomea. Hili la tatu lisiachwe hewani. Wapo mabingwa waliorudi na ujuzi adimu wakapangiwa OPD ya jumla, au wakahamishiwa kituo kisicho hata na thieta. Barua haizuii uhamisho, lakini inakupa pa kushikia unapokata rufaa.

Tazama na wenzako, si wewe tu

Kabla ya kuchagua fani, zunguka hospitali uangalie vifaa. Kama unataka upasuaji wa matundu na hospitali haina mnara wa kamera, uliza umo kwenye bajeti ya mwaka gani. Ukiambiwa haumo, ama uuingize kwanza, ama uchague fani nyingine. Ujuzi wa mikono hupotea usipotumika.

Angalia na watu. Upasuaji wa moyo wa mtoto unahitaji daktari wa upasuaji, mtaalamu wa usingizi, mwendesha mashine ya moyo na mapafu, daktari wa moyo wa watoto, na wauguzi wa ICU wanaojua mtoto wa kilo nne anavyobadilika usiku. Save a Child's Heart, shirika lenye makao yake Holon nchini Israel katika hospitali ya Wolfson, limewafundisha madaktari na wauguzi wa Kitanzania kwa kuangalia timu nzima. Hilo ndilo la kuiga. Ukienda peke yako, utarudi kuwa mtu wa kuandika rufaa zenye maelezo mazuri zaidi.

Basi mwulize mkuu wa idara: nani mwingine anakwenda, na lini? Hata kama muuguzi wa thieta ataenda wiki sita tu, mpange sasa.

Ya kushika na ya kutazama

Hapa ndipo fedha za watu zinapopotea, kwa hiyo tulia kidogo.

Neno feloshipu limebeba vitu vingi. Kuna feloshipu ambayo unashika mgonjwa, unaandika dawa, unapasua ukisimamiwa. Kuna nyingine ambayo unasimama nyuma ya mstari wa thieta na kutazama. Vipeperushi vyake vinaweza kufanana kabisa. Kuzitofautisha, uliza swali moja tu: "Nitasajiliwa na baraza la madaktari la nchi hiyo?" Uingereza ni GMC. Afrika Kusini ni HPCSA. Kama jibu ni hapana, wewe ni mtazamaji, hata kama cheti kitaandikwa kwa dhahabu.

Kutazama si vibaya. Wiki nne za kutazama kitengo kinavyoendeshwa zinaweza kukufaa sana ukiwa tayari ni bingwa. Mwaka mzima wa kutazama kwa fedha zako mwenyewe, hapana.

Kundi la tatu ni shahada za darasani. Chevening, ufadhili wa Jumuiya ya Madola na kozi za DAAD za nchi zinazoendelea hukupeleka zaidi kwenye shahada ya uzamili: afya ya jamii, epidemiolojia, magonjwa ya kitropiki, uongozi wa huduma za afya. Ni nzuri kweli kwa anayetaka kuendesha programu au kufanya utafiti. Ila hutarudi na mkono mpya wa upasuaji. Chevening wanataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na ukimaliza urudi kwenu kwa angalau miaka miwili.

Ukitaka stashahada ya magonjwa ya kitropiki, usikate tiketi ya London kabla hujaangalia karibu. Chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine kimekuwa na kozi ya Afrika Mashariki ya miezi mitatu inayofundishwa Moshi na Kampala, wakishirikiana na KCMC na Makerere. Wazungu wanapanda ndege kuja Moshi kuisoma.

Na ukitaka upasuaji, ijue COSECSA. Ni chuo cha madaktari wa upasuaji wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, ofisi zake zipo Arusha, na hakina jengo la madarasa: unasomea ndani ya hospitali zilizoidhinishwa huku ukifanya kazi. Miaka miwili ya kwanza inakupa uanachama, MCS. Ukiongeza miaka isiyopungua mitatu katika fani yako, unapata FCS. Mtihani ni wa kimataifa, na watahini wanatoka nchi mbalimbali. Kwa magonjwa ya ndani kuna ECSACOP, kwa usingizi kuna CANECSA, kwa akina mama na uzazi kuna ECSACOG. Ningekuwa wewe, na familia changa nyumbani, ningeanzia hapa kabla ya kuota theluji.

Tukirudi kwa wale watoto wenye vichwa vikubwa: jina kubwa duniani katika kazi hiyo lipo Mbale, Uganda. Ni katika hospitali ya CURE pale ndipo Benjamin Warf aliendeleza upasuaji wa kutumia kamera ndogo ambao unaweza kumwezesha mtoto kuishi bila mrija kichwani. Madaktari wamekwenda Mbale kutoka mabara mengine kujifunza. Kutoka Mwanza unaweza kufika kwa basi.

Milango mikubwa na masharti yake

Uingereza, mlango ulioundwa kwa ajili yako unaitwa Medical Training Initiative, MTI. Unafanya kazi na kujifunza ndani ya NHS kwa muda usiozidi miezi 24, kisha unarudi. Chuo cha kifalme cha fani yako au mdhamini mwingine anayetambuliwa anakudhamini kwa GMC, na hulazimiki kufanya mtihani wao wa PLAB. Unalipwa mshahara. Lakini wanataka mtu aliye kazini, kwa hiyo usiache kazi mwaka mzima ili ukae nyumbani kusomea mtihani wa Kiingereza. Utajifungia mlango mwenyewe. Kila chuo kina utaratibu na dirisha lake la maombi, kwa hiyo soma ukurasa wa chuo cha fani yako, si wa jirani.

Kiingereza nacho. GMC wanakubali IELTS ya wastani wa 7.5, na kila sehemu isipungue 7.0, au OET yenye daraja B katika kila sehemu. Matokeo yanatumika miaka miwili. Mimi nakushauri OET, kwa sababu ni Kiingereza cha kazi yako: mazungumzo na mgonjwa, na barua inayotokana na jalada. Mazoezi yake hayana gharama. Kwa miezi miwili, kila rufaa unayoandika iandike kikamilifu: tatizo, historia fupi, ulichofanya, unachoomba. Achana na zile za mistari miwili. Utafaulu mtihani, na wenzako wa hospitali ya rufaa watakushukuru.

Marekani ni safari nyingine. Huko huwezi kushika mgonjwa kwa barua ya urafiki ya profesa. Lazima upate cheti cha ECFMG, taasisi inayowahakiki madaktari waliosomea nje ya Marekani, ufanye mitihani ya USMLE Step 1 na Step 2 CK, ufaulu OET, halafu uingie kwenye mchujo wa kitaifa unaotoa majibu Machi. Tangu Januari 2022 Step 1 ni kufaulu au kufeli tu, kwa hiyo alama zinazoangaliwa ni za Step 2 CK. Kila mtihani unagharimu dola 1,000 au zaidi, kabla hujahesabu nauli za usaili. Kabla ya yote, hakikisha chuo ulichosomea kipo kwenye World Directory of Medical Schools na kina alama ya kukubaliwa na ECFMG. Ni ukaguzi wa dakika tano, na kuna watu wanaufanya wakiwa wameshanunua vitabu.

Ukipata nafasi Marekani, viza ya kawaida kwa daktari ni J-1. Wizara yako ya Afya itatakiwa kuandika barua kuwa nchi inahitaji fani hiyo. Ukimaliza, unatakiwa kukaa kwenu miaka miwili kabla ya kuomba aina fulani za viza za kurudi. Masharti ya viza za Marekani hubadilika haraka, kwa hiyo soma ukurasa wa ubalozi wiki ile ile unayotaka kulipa chochote.

Afrika Kusini hupokea madaktari wa nchi nyingine kama registra wa ziada. Maana yake: unafanya kazi na kusoma sawa na wenyeji, ila serikali yao haikulipi mshahara. Anayekulipa ni mwajiri wako wa nyumbani au mfadhili. Usiondoke kabla hujajua nani huyo, kiasi gani, kwa miaka mingapi. Usajili wa HPCSA na kibali cha wizara yao huchukua miezi mingi, na kimojawapo kikikosekana unakaa Cape Town ukilipa kodi ya nyumba huku huruhusiwi kuingia wodini.

Halafu kuna milango midogo ambayo watu hawaigongi. Kama ni figo, chama cha kimataifa cha madaktari wa figo, ISN, kina feloshipu kwa madaktari wa nchi za kipato cha chini na cha kati, na kinataka mwajiri athibitishe utarudi. Kama ni macho, baraza la kimataifa la macho, ICO, limekuwa likitoa feloshipu za takriban miezi mitatu, na Aravind kule Madurai, India, wana kozi za mikono kwa madaktari wa macho. Kama ni mionzi ya saratani au tiba ya nyuklia, shirika la nguvu za atomiki, IAEA, linafadhili mafunzo. Hilo huliombi kama mtu binafsi, maombi hupitia ofisi ya taifa. Kwa Tanzania gonga Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC. Mafunzo ya JICA ya Japani nayo hupitia serikalini. Mwombe ofisa utumishi akuonyeshe faili la mialiko. Mingine huozea humo kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Makaratasi

Anza na jina lako. Toa cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kidato cha sita, shahada, leseni na pasipoti. Vipange mezani kwa mstari. Je, majina matatu yanafanana, herufi kwa herufi, kwa mpangilio ule ule? Kwa wengi hayafanani: Mohamed kwa Mohammed, jina la babu limeachwa, jina la ubatizo limeongezwa, ndoa imebadilisha la mwisho. Huku nyumbani kila mtu anajua ni wewe. Mhakiki wa nyaraka aliye ng'ambo hajui. Tengeneza kiapo cha majina au deed poll sasa, kabla ya kufungua akaunti yoyote, na pasipoti iwe ndiyo kipimo.

Uhakiki wa shahada siku hizi hufanyika kupitia EPIC, mfumo wa ECFMG unaotumiwa na GMC na mabaraza mengine. Wewe unapakia cheti, wao wanakituma chuoni kwako, chuo kinathibitisha. Hapo ndipo mambo hukwama, kwenye meza moja ya ofisi ya usajili ambako ujumbe umefika na haujafunguliwa. Nenda mwenyewe au mtume mtu. Ongea kwa upole, acha namba ya simu, rudi baada ya siku tatu.

Cheti cha mwenendo mwema wa kitaaluma utakipata Baraza la Madaktari Tanganyika, au KMPDC kwa walio Kenya. Usikiwahi mno. GMC hukikubali kwa miezi mitatu tu tangu kiliposainiwa. Kiombe mambo mengine yakiwa yamekaribia kukamilika.

Ukiwa hapo barazani, uliza na hili: cheti ninachokwenda kukitafuta kitatambuliwa nikirudi? Nitasajiliwa kama bingwa, au kitabaki pambo? Feloshipu ya mwaka mmoja juu ya MMed ni jambo moja, mafunzo ya nje bila MMed ni jambo jingine. Kama ni shahada kutoka chuo cha nje, uliza Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, pia. Jibu litafute kwa maandishi.

Sasa logibuku. Hiki ndicho kitu ambacho madaktari wetu wengi wazuri hawana. Mtu amefanya upasuaji wa kujifungua mara mia kadhaa na hana hata karatasi moja ya kuonyesha. Nunua daftari gumu au fungua jedwali kwenye simu, anza leo. Mstari mmoja unatosha kwa kila kazi:

14/3. Mke, miaka 27. Upasuaji wa kujifungua, kovu la awali. Nimefanya mwenyewe, bingwa yupo jengoni. Mama na mtoto salama. Sahihi ya msimamizi.

Weka namba ya jalada, usiweke jina la mgonjwa. Nafasi yako uitaje kwa ukweli: nimetazama, nimesaidia, nimefanya nikisimamiwa, nimefanya mwenyewe. Usilazimishe kila mstari uwe "mwenyewe". Mtu anayesoma logibuku za watu kila mwaka anaona haraka namba zilizopikwa, na usaili utakugeukia. Jaza kabla hujatoka thieta, sahihi ichukuliwe hapo hapo. Ukisubiri mwisho wa mwaka, msimamizi amehamia Kigoma na rejesta imefungiwa stoo.

Barua za wadhamini wako ziombe kwa watu waliokuona ukifanya kazi, hata kama hawana vyeo vikubwa. Barua ya Mkurugenzi asiyekufahamu inasomeka vile vile ilivyo. Mpe mdhamini ukurasa mmoja wa kumkumbusha: mlifanya kazi pamoja lini, kesi mbili tatu ngumu, unakoomba. Na mwombe atume kwa barua pepe ya taasisi. Programu nyingi hazipokei barua kutoka anwani ya Yahoo, na hili limewaangusha watu ambao hawakuwa na kasoro nyingine yoyote.

Kumwandikia profesa

Usitume ujumbe mmoja kwa maprofesa arobaini. Chagua watatu, soma wanachofanya, andika kwa kila mmoja mistari isiyozidi kumi. Wewe ni nani na uko wapi. Hospitali yako inaona wagonjwa gani, kwa namba za lile daftari. Unataka kujifunza nini hasa, kwa muda gani. Nani atakulipia, au kwamba unatafuta ufadhili. Hospitali imekuteua, barua imeambatishwa. Wasifu wako usizidi kurasa mbili.

Acha sentensi za kujishusha na za kuomba msaada. Unaandika kwa daktari mwenzako. "Tunapokea watoto wengi wenye saratani ya jicho, na wengi hufika jicho likiwa limeshatoka nje" ni sentensi itakayomfanya asome hadi chini. "Nina shauku kubwa ya kujifunza" wameisoma mara elfu.

Wiki mbili zikipita kimya, kumbusha mara moja. Kisha songa mbele.

Njia rahisi zaidi ni wageni wanaokuja hospitalini kwenu. KCMC ina ushirikiano wa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Duke, Bugando na Weill Cornell, na Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret na Indiana kupitia AMPATH. Mgeni akija kwenye raundi, wewe uwe ndiye uliyeandaa kesi: historia iliyonyooka, vipimo mkononi, swali moja la maana. Wengi husubiri siku ya mwisho wampige mgeni picha na kumwomba namba. Wewe utakuwa umefanya kazi naye wiki nzima.

Fedha, ruhusa na bondi

Chukua karatasi, gawa mara mbili. Upande mmoja andika ambacho programu inalipa, upande wa pili ambacho hailipi. Uliza moja moja: ada, posho ya mwezi, nauli, viza, bima ya afya, bima ya makosa ya kitabibu, usajili wa baraza, amana ya nyumba, mitihani. Usikubali neno "ufadhili kamili" bila mchanganuo. Posho ya kwanza mara nyingi huchelewa, kwa hiyo beba fedha za kuishi miezi miwili. Kama unatarajia kwenda na mwenzi na watoto, uliza viza zao na ada za shule kabla ya kuwaahidi.

Ndani ya nchi, usiupite mpango wa mafunzo wa taasisi yako. Kama jina lako halimo kwenye mpango huo, ruhusa ya masomo yenye mshahara ni ngumu. Mwone ofisa utumishi mapema, mwaka mmoja kabla. Kwa Tanzania, Wizara ya Afya ina ufadhili unaojulikana kama Samia Health Specialization Scholarship kwa wanaosomea ubingwa na ubingwa bobezi. Ulizia dirisha lake linapofunguliwa. Kwa Kenya, waajiri wengi wa kaunti huambatanisha ruhusa na mkataba wa kurudi kazini.

Bondi, yaani huo mkataba wa kurudi kazini, isome yote, hata ukiwa na haraka. Miaka mingapi? Inaanza kuhesabiwa lini? Ukihamishwa na serikali yenyewe, inahesabika? Ukifeli au ukiugua, unadaiwa? Wadhamini wako wawili wanadaiwa nini? Mdhamini wa bondi mara nyingi ni shemeji au rafiki wa kazini, na yeye hajasoma chochote. Msomee. Kisha weka nakala yako mwenyewe nyumbani.

Jambo la matapeli ni fupi. Anayekutumia barua ya kukubaliwa bila kukuhoji ni tapeli. Anayetaka ada itumwe kwa jina la mtu binafsi ni tapeli. Chukua jina la programu, litafute kwenye tovuti ya hospitali au chuo chenyewe, kisha upige simu kwa namba uliyoipata huko, si ile iliyo kwenye barua.

Ukishafika

Wiki ya kwanza mwombe msimamizi akuandikie ni kazi zipi unaruhusiwa kufanya peke yako na zipi hadi awepo. Karatasi hiyo inakulinda usiku wa manane. Jifunze majina ya dawa ya pale: Marekani panado yako wanaiita acetaminophen, na adrenalini ni epinephrine. Ukiwa hujaelewa maagizo ya kwenye simu, yarudie kwa sauti. Hakuna atakayekucheka.

Omba dakika thelathini za msimamizi kila wiki. Fika na logibuku na swali. Ukiona mwezi unaisha nawe bado unashika kamera tu, sema sasa, kwa adabu, na kwa namba: "Nimehudhuria kesi 22, nimefungua na kufunga 3. Naomba tupange nianze hatua inayofuata." Kunyamaza kwa heshima tulikofundishwa nyumbani huko husomeka kuwa mtu ameridhika.

Angalia zaidi vitu visivyo na gharama. Roboti la upasuaji utaliacha huko huko. Lakini kikao cha asubuhi kinavyoendeshwa, fomu ya kukabidhiana wagonjwa zamu inapobadilika, orodha ya ukaguzi kabla ya kisu, namna kifo kinavyojadiliwa bila kumtafuta wa kumlaumu, hivyo vyote vinaingia kwenye begi la mkononi. Omba ruhusa ya nakala za miongozo yao.

Leseni ya nyumbani iendelee kulipiwa kila mwaka na alama za CPD ziendelee kuingia, vinginevyo utarudi bingwa usiye na leseni. Halafu, ukiwa umebakiza mwaka au hata miezi minane kurudi, mwandikie Mganga Mfawidhi. Taja tarehe ya kurudi, na orodha ya vifaa vya chini kabisa unavyovihitaji ili uanze: jina la kifaa, modeli, bei, wapi kinauzwa, nani anakitengeneza kikiharibika. Mwaka wa fedha wa Tanzania na Kenya huanza Julai 1, na mahitaji ya idara hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Orodha ikifika Mei, umeshasukumwa hadi mwaka unaofuata.